Jinsi ya kubadilisha jina la kanga kwenye picha lisionekane limebandikwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mbunifu wa kanga hapa Tanga. Kuna kikundi cha kina mama wanaotaka kanga za sare kwa sherehe ya kumshukuru mlezi wao, na kabla ya kulipa kiwandani wanataka kuona kanga itakavyokaa mwilini, si mchoro wa kompyuta tu. Nina picha ya shangazi yangu, ameipa kamera mgongo, amejifunga kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Rangi na pindo ndizo wanazozitaka, kwa hiyo nilifuta jina hilo nikaandika AHSANTE MAMA kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Nimejaribu fonti sita, nimeyapinda maandishi, nimeyafifisha, lakini kila anayeiona picha husema jina limebandikwa kama stika. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha zote mbili nimezifungua, ile ya asili na ile uliyoibadilisha, nikazikuza mpaka pikseli zikaonekana moja moja, na ninaweza kukwambia mara moja kwamba fonti si tatizo lako. Fonti yako ya tatu inakaribiana sana na herufi za kiwandani. Kosa ulilifanya mwanzo kabisa, dakika uliyofuta WEMA HAUOZI kabla hujalipima. Jina la zamani ndilo lililokuwa limekuonyesha jinsi maandishi yanavyokaa kwenye kitambaa hicho, mwilini mwa mtu huyo, chini ya jua la saa ile; ulipolifuta, ulibaki unakisia, na jicho la mtu aliyekulia kwenye kanga halikubali makisio.

Rudi basi kwenye picha ya asili, na uhakikishe ni ile iliyotoka kwenye simu yenyewe, si nakala iliyopitia WhatsApp, maana huko picha hupunguzwa na kubanwa hadi kingo za herufi zikawa na ukungu usiotokana na kamera. Yako ya asili ina pikseli 4000 kwa 3000 na herufi zake zina urefu wa pikseli 140 hivi. Hiyo inatosha kabisa. Fungua leya (yaani tabaka) mpya tupu juu ya picha, na kwa zana ya njia (Paths) chora mistari miwili: mmoja upite juu ya vichwa vya herufi zote, mwingine chini ya miguu yake. Usinyooshe mistari hiyo kwa sababu tu unajua kwamba kiwandani jina lilichapwa kwa mstari mnyoofu. Ifuate picha. Utaona kwamba mstari wa chini unashuka kidogo chini ya WE, unapanda kwenye M, unazama ghafla kwenye H ya HAUOZI, kisha unapinda kuelekea juu upande wa kulia ambako kitambaa kinazunguka kiunoni. Mistari hiyo miwili ndiyo reli utakayolipitishia jina jipya. Ihifadhi kwenye leya yake na usiiguse tena.

Sasa itazame H hiyo kwa karibu, kwa sababu jibu la swali lako lote limo ndani yake. Mguu wake wa kushoto ni mzima. Mguu wa kulia haupo: kuna mkunjo mzito uliotoka pale kanga ilipofungwa, ukashuka hadi kwenye pindo la chini, na mguu wa kulia wa H umemezwa nao. Kinachoonekana ni kipande cha mwamba wa kati kinachofika kwenye ukingo wa mkunjo na kukatika, kisha A inaanza ng'ambo ya pili, juu kidogo kuliko inavyotarajiwa. Aliyesoma WEMA HAUOZI siku ile hakuona herufi 10 kamili. Aliona tisa na nusu, akili ikajaza iliyobaki. Wewe umeandika AHSANTE MAMA kwa herufi 11 kamilifu, zote zikipita juu ya mkunjo huo kana kwamba haupo. Ungechagua fonti bora kuliko zote duniani, bado jicho lingeona herufi zinaelea, kwa kuwa kitambaa kimekunjwa na maandishi hayakukunjwa.

Nimepima mahali jina lako jipya litakapoangukia. Likiwekwa katikati ya kisanduku, ile fremu ya mstari mweusi inayolizunguka jina, kama viwanda vinavyofanya, T ya AHSANTE ndiyo inayofika kwenye mkunjo ule. T hiyo lazima ipoteze mkono wake wa kulia, na E inayofuata ianze ng'ambo, juu kidogo, kama A ya zamani ilivyoanza. Utaogopa kwamba kina mama watasoma vibaya. Hawatasoma vibaya, kwani neno ahsante linajulikana mno, na hiyo T iliyokatika ndiyo itakayowafanya waamini kwamba kanga ipo.

Kuna jambo la pili ambalo jina la zamani lilikuwa likikuonyesha, nalo ni upana wa herufi. Mwili wa mtu ni wa duara, kwa hiyo kadiri kitambaa kinavyozunguka kwenda ubavuni, ndivyo herufi zinavyobanwa. Mahali ambapo kitambaa kimegeuka nyuzi 60 kutoka kwenye kamera, upana unaoonekana ni nusu tu ya upana halisi, huku urefu ukibaki uleule. Ndiyo maana Z na I za mwisho wa HAUOZI zinaonekana nyembamba na zimesogeleana. Katika kazi yako A ya mwisho ya MAMA ina upana sawa na A ya kwanza, na hilo peke yake lingetosha kuiharibu picha.

Kabla ya kufuta, chukua vilevile vipimo vya rangi. Kwa zana ya kuchagua rangi, pima weusi wa herufi mahali penye mwanga na mahali penye kivuli, kisha weupe wa kitambaa kando yake. Nimekufanyia, kwa kipimo cha 0 (giza tupu) hadi 255 (mwanga wote): kwenye mwanga herufi zina 41 na kitambaa kina 226, ndani ya kivuli cha mkunjo herufi zina 24 na kitambaa kina 131. Mimi nimeandika thamani ya wekundu tu ili nisikuchoshe, lakini wewe andika zote tatu, nyekundu, kijani na buluu. Hakuna mahali hata pamoja ambapo weusi ni sifuri, nawe umeandika kwa sifuri tupu. Rangi iliyochapwa kwenye pamba na kupigwa na jua haiwi nyeusi ya wino wa kompyuta.

Mwisho, kuza ukingo wa herufi moja iliyo bapa, kwa mfano A ya WEMA, uhesabu ni pikseli ngapi zinazopita kutoka nyeusi hadi nyeupe. Zako ni tatu. Andika namba hiyo nayo. Sasa unaweza kufuta.

Kufuta kwenyewe kunahitaji subira kuliko ujuzi. Nimeona ulitumia zana ya kujaza kwa akili, ile inayobuni yenyewe kitu cha kuweka, nayo ikakuletea kipande cha ua la pindo ndani ya kisanduku, ukakifunika kwa brashi laini, na sasa kuna doa jeupe lisilo na uzi hata mmoja. Fikiria kitambaa chenyewe kinavyokaa. Mikunjo ya kanga iliyofungwa kiunoni inashuka kutoka juu kwenda chini, wakati jina linakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Maana yake ni kwamba mwanga unabadilika unapotembea kando, lakini ukishuka ndani ya mkunjo uleule unabaki karibu sawa. Kwa hiyo chukua zana ya kunakili (Clone), weka chanzo kwenye ukanda mweupe ulio kati ya herufi na mstari wa juu wa kisanduku, uteremke moja kwa moja juu ya herufi iliyo chini yake. Usisogee kulia wala kushoto hata kidogo. Kila safu ya wima inalipwa na kitambaa cha safu hiyohiyo. Ukanda ni mwembamba, kwa hiyo itakubidi uchukue mara tatu au nne kwa kila herufi, mara nyingine kutoka juu na mara nyingine kutoka chini, ili kasoro moja ya uzi isijirudie mara nne kama mhuri.

Zana ya kuponya (Heal) iache hadi mwisho, na uitumie kwenye maungio tu. Usiikaribishe kwenye ule mstari mweusi wa kisanduku, kwa sababu hiyo zana huchanganya rangi ya eneo linaloponywa na rangi za jirani, na jirani akiwa mweusi utapata moshi wa kijivu ambao hautatoka tena. Fanya yote haya kwenye leya ya nakala, si kwenye picha yenyewe.

Sasa herufi. Watu wengi hutumia siku nzima kutafuta fonti ileile iliyotumika kiwandani, na kwa kanga hiyo ni kazi bure, kwani herufi nyingi za kanga zilichorwa kwa mkono na mchoraji wa kiwanda, zikanyooshwa au kubanwa ili zijaze kisanduku. Mimi huazima. Jina la zamani lina W, E, M, A, H, U, O, Z na I. Jina lako jipya linahitaji A, H, S, N, T, E na M. Tayari unazo A, H, E na M zilizochorwa na mkono uleule. N imo ndani ya Z: izungushe Z robo duara na utapata N, ulalo wake ukienda upande unaotakiwa, mradi kwanza uitanue, kwa kuwa Z hii imebanwa na duara la mwili kama nilivyoeleza. T utaijenga kwa mguu wa I na mkono wa juu wa E. Inabaki S peke yake, na hiyo ndiyo utakayoichukua kwenye fonti yako ya tatu na kuinenepesha hadi unene wa mistari yake ulingane na wa O. Linganisha na O hasa, kwani herufi za mviringo huchorwa nene kidogo pande zake kuliko zilizonyooka.

Lakini usiazime pikseli zenyewe, azima umbo. Ukinakili A iliyo kwenye picha na kuibandika mara nne, utakuwa umebandika pia kivuli chake, uzi wake na lile doa dogo lililo kwenye mguu wake wa kushoto, na mtu ataona doa lilelile mahali panne. Mimi niliwahi kukabidhi kazi ya namna hiyo, nikiwa nimeridhika nayo kabisa, na muuza kanga mmoja wa makamo akaitazama kwa sekunde mbili akauliza kwa nini kila A imechafuka mahali pamoja. Tangu siku hiyo, kila herufi ninayoiazima huichora upya kwa zana ya njia, juu ya ile ya picha, nikaijaza rangi moja tu. Kwenye GIMP hili ni rahisi, na umbo lililochorwa kwa njia unaweza kulitanua au kulibana bila kingo kuharibika.

Panga herufi zako zikiwa bapa, kwenye leya pana yenye upana wa picha nzima, kama zinavyokaa kanga ikiwa imetandazwa kitandani. Hapa ndipo unapoamua nafasi kati ya herufi na kati ya maneno. Jina la zamani lilikuwa na herufi 10, moja ikiwa I ambayo ni nyembamba. Lako lina 11, mbili zikiwa M ambazo ni pana. Usizipunguze herufi kimo ili zienee, kwa sababu kimo kimewekwa na kisanduku. Punguza nafasi kati yake, na ikibidi zibane kwa upana kidogo, kisha unenepeshe miguu iliyokonda kutokana na kubanwa. Hivyo ndivyo viwanda vinavyofanya, na ndiyo sababu methali ndefu kwenye kanga huwa na herufi zilizosongamana huku fupi zikiwa zimetawanyika. Ikiwa siku moja utapata kanga ya zamani sana iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, njia hii ya kuazima haitakufaa, maana hapo herufi hushikana na hubadilika umbo kulingana na jirani yake. Hapo tafuta mwandishi wa hati akuandikie neno zima.

Kupinda hufanyika mara mbili, na mara hizo mbili zisichanganywe. Mara ya kwanza ni kupinda kukubwa: kwa zana ya kukunja umbo lote, au ile ya kizimba (Cage Transform), ulete mstari wa vichwa na mstari wa miguu vilale juu ya reli zako mbili, na wakati huohuo ubane herufi za upande wa kulia kama duara la mwili linavyotaka. Fika karibu, usitafute ukamilifu. Mara ya pili ni kupinda kudogo, ambako pikseli za herufi husogezwa kufuata mawimbi madogo ya kitambaa. GIMP ina filta ya kazi hiyo katika orodha ya Filters, sehemu ya Map, nayo inaitwa Displace. Unaipa ramani ya kijivu: penye kijivu cha katikati hakuna kinachosogea, penye weupe pikseli husogea upande mmoja, penye weusi husogea upande wa pili, kwa kiasi unachoandika. Ramani hiyo utaitengeneza kwa nakala ya kitambaa ulichokisafisha, ukiiondolea rangi na kuitia ukungu wa pikseli tano au sita ili isichukue nyuzi na chembechembe za kamera. Anza na usogezaji wa pikseli sita, na mara nyingi hutapita kumi.

Kabla hujaibonyeza filta hiyo, hakikisha leya ya herufi imepanuliwa hadi ukubwa wa picha yote, la sivyo herufi zilizo ukingoni mwa leya zitakatwa kama kwa wembe. Halafu kuna mtego mwingine ambao watu wa fulana na mabango hawaujui, lakini sisi wa kanga tunakutana nao kila siku. Filta hiyo ni kipofu: inaamini kwamba kila cheusi ni bonde na kila cheupe ni kilima. Kwenye shuka la rangi moja imani hiyo inafaa. Kwenye kanga, ua jeusi la mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, au mstari wa pindo si bonde, ni rangi tu, lakini filta italichukulia kama shimo na kuvuta herufi kuelekea huko. Kwa hiyo ramani yako iwe na kitambaa cheupe cha ndani ya kisanduku tu. Kila kilicho nje yake, pamoja na mstari mweusi wa kisanduku, kifunike kwa kijivu cha jirani kabla ya kutia ukungu. Nimeona kwenye faili yako kwamba ulijaribu filta hii ukaiacha kwa sababu miguu ya herufi ilitetemeka. Ilikuwa inavutwa na maua ya pindo la chini.

Tena, mwanga ukitoka ubavuni, kama ulivyotoka kushoto kwenye picha yako, weusi na weupe hauonyeshi kina bali mteremko: ubavu wa mkunjo unaotazama jua unang'aa, wa pili umefifia, ingawa vyote viwili viko kwenye kimo kilekile. Kwa sababu hiyo filta itakusogeza karibu tu, haitakufikisha. Baada yake chukua zana ya kusukuma (Warp Transform) kwa brashi pana, nguvu ndogo, na usahihishe herufi moja moja huku ukilinganisha na picha ya asili. Ile T, hapo ndipo unapoikata: weka maski (kifuniko kinachoficha bila kufuta) kwenye leya ya herufi, uchore kwa brashi ngumu kidogo kufuata ukingo wa mkunjo, ufiche mkono wa kulia wote. Ukingo wa mkunjo ni mkali upande ulio juu na laini upande unaozama. Maski yako ifuate hivyohivyo.

Sasa rangi, na hapa vile vipimo vinalipa. Leya ya herufi iweke kwenye hali inayoitwa Multiply, ambayo huzidisha thamani ya leya kwa thamani ya picha iliyo chini na kugawa kwa 255. Ukijaza herufi kwa thamani 46, penye mwanga utapata 226 mara 46 kugawa kwa 255, yaani 41. Na kivulini 131 mara 46 kugawa kwa 255, yaani 24. Ni zile namba ulizozipima kwenye herufi za zamani. Hukuchora kivuli chochote, kivuli kilikuwepo kwenye kitambaa nacho kimepita chenyewe. Kama namba hazitoki hivyo, bofya leya kwa kitufe cha kulia, tafuta Blend Space, uchague ile ya perceptual, kwa kuwa GIMP za siku hizi huanza na hesabu ya mwanga ya mstari (linear), ambayo hutoa majibu mengine. Fanya hesabu hiyo kwa rangi zote tatu, kwani weusi wako una ukahawia kidogo. Ile njia yako ya kufifisha herufi nyeusi kabisa haikukupa matokeo haya kwa sababu ilipunguza rangi zote tatu za kitambaa kwa uwiano mmoja, kwa hiyo haikuweza kuleta ule ukahawia. Kwa jina jeupe juu ya rangi iliyokolea, Multiply haifai hata kidogo. Hapo unaweka herufi katika hali ya kawaida kwa rangi uliyoipima, kisha unaongeza juu yake leya ya vivuli vya kitambaa.

Zimebaki kingo na chembechembe. Herufi ulizochora zina ukingo mkali mno. Zitie ukungu wa Gaussi wa pikseli moja au chini yake, ukijaribu 0.6, kisha 0.8, mpaka mpito kutoka nyeusi hadi nyeupe uwe wa pikseli tatu kama ulivyohesabu. Halafu kuza eneo jeusi la herufi mpya na uliweke sambamba na la zamani. La zamani lina mchanga mdogo wa kamera, lako ni laini kama rangi ya mafuta. Ongeza kelele kidogo, yaani chembechembe kama hizo, kwenye leya ya herufi pekee, kisha uitie ukungu wa 0.5, kwa maana kamera za simu hulainisha kelele zake na kuacha mabaka madogo badala ya nukta kali. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, nami nakubali kwamba kwa picha itakayotazamwa kwenye simu tu unaweza kuiruka. Ukiichapa kwenye karatasi ya A3 kuwaonyesha kina mama mezani, usiiruke.

Utaniuliza kuhusu zile zana za akili bandia ambazo unaziandikia unachotaka zikakifanya. Kwa kusafisha kitambaa zimefika mbali, na kama unazo zitumie hapo, safu kwa safu, kwa vipande vidogo. Kwa kuandika jina sizitumii. Mara kadhaa nimezipa maneno ya Kiswahili zikaniletea herufi iliyoongezwa au iliyorukwa, na hata zinapoandika sawasawa zinachora herufi zake zenyewe, si za kiwanda chako. Mteja anapoagiza kanga anaangalia sampuli na kusema nataka hivi hivi. Ukimwonyesha herufi ambazo kiwanda hakina, utakuwa na kesi siku mzigo unapofika.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye pembe ya picha andika kwa uwazi kwamba ni sampuli, na umwombe shangazi yako ruhusa, maana picha yake sasa itatembea na maneno ambayo hakuwa ameyavaa. Nayasema haya kwa kuwa kila ninapofundisha ufundi huu hufika mtu mmoja au wawili wenye risiti, cheti au barua ya ofisi wakitaka kubadilisha tarehe. Hao siwajibu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2018, na zote zimetaja kughushi kwa kompyuta kuwa kosa. Kanga yako haiko huko, mradi anayeiona ajue anaona nini.

Ukimaliza, usiyaamini macho yako, kwa kuwa yamezoea. Geuza picha kushoto kulia kama kwenye kioo. Herufi zikigeuka jicho linaacha kusoma na kuanza kutazama, na kasoro hujitokeza zenyewe. Kisha ongeza ukali wa mwanga na kivuli kupita kiasi kwa muda mfupi, uone kama mahali ulipofuta WEMA HAUOZI panaonyesha mistari inayojirudia. Baada ya hapo unganisha leya kwenye nakala, uhifadhi JPEG mara moja tu, kwa ubora wa 90 hivi. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila mmoja peke yake, kwa hiyo ukihifadhi na kufungua tena na tena, kingo za herufi nyeusi juu ya nyeupe ndizo zitakazoanza kuchafuka. Faili yenye leya ihifadhi kando, maana kina mama wa kikundi, nawajua, wataitazama hiyo AHSANTE MAMA, waisifu, kisha mmoja aseme kwamba wengine nyumbani huandika ASANTE bila H. Hapo itakubidi urudi kwenye leya bapa, uitoe H, usogeze herufi zote, na upime upya ni ipi sasa inayoangukia kwenye mkunjo. Kwa hesabu yangu itakuwa E.